Chenji Tuliyoila Kabla ya Kuipata

Mama yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Usicheke. Wewe ni somo wa marehemu mama yangu, jina lake umelibeba zima zima, na kwa kuwa kesho unatutoka, leo acha nikuamkie mimi. Huko Saadani utaamkiwa na nani? Na ngedere?

Habari za kuchemsha maji, za kufunga mlango wa chumba kwa komeo, za kutoazimisha watu kanga zako, hizo simo. Mama yako kakuimbia tangu juzi na ataendelea kukuimbia. Mimi nimekaa hapa uani ndani ya bajaji, kiti cha abiria, nguo zako ulizoanika zinapepea juu ya turubai. Nadhani ndiyo bajaji pekee Bagamoyo ambayo dereva anakaa nyuma, kwa sababu mbele hakuna pa kwenda.

Nimeona nikuandikie maana kwa mdomo nitaleta utani, utacheka, tutaachana bila kusema kitu. Ndivyo tulivyo mimi na wewe. Kuandika kwenyewe unakujua: shule yangu iliishia kidato cha pili, niliiacha kabla haijaniacha. Ukikuta mstari umepanda mlima, usiusahihishe. Huu si mtihani.

Kwanza tukubaliane jambo ambalo hata wabaya wangu wanalikubali. Mtu wa kwanza kumiliki bajaji ya umeme Bagamoyo nzima, kutoka Nianjema mpaka Kaole, ni baba yako. Mwinjuma alinunua wiki iliyofuata, na mpaka leo pale kijiweni stendi namwita "wa pili". Tumetukanana na Mwinjuma tangu tuna meno ya utoto, na sijawahi kumwambia kwamba siku aliyonunua yake nililala usingizi, maana kabla ya hapo nilikuwa naogopa peke yangu. Nilikuwa nimeuza minazi ya mama kule Kaole. Ardhi tulishaipoteza zamani, ilibaki minazi, nayo nikaiuza mti kwa mti. Mama aliuliza tu, "Hiyo bajaji inaangusha nazi?"

Tatizo la chombo chenyewe lilikuwa ni adabu yake. Hakina mlio. Siku ya kwanza nilipita nacho uchochoroni Mji Mkongwe, shati jipya, miwani ya jua, nimejikunja upande kama ninavyokaa mimi, na hakuna hata mtu mmoja aliyegeuka. Mmoja tu, yule bibi anayechoma mihogo karibu na msikiti, na yeye aligeuka nilipokwishamgusa kanga.

"We Rajabu! Unanijia kimya kimya kama jini?"

"Ya umeme hiyo, bibi. Haina kelele."

"Kama haina kelele, kohoa wewe!"

Watu wakacheka mtaa mzima. Mwanangu, mtu mwingine angenunua honi. Mimi nilirudi nyumbani nimenuna. Nimeuza minazi ya mama halafu napita mjini kama mwizi? Ndipo nikatafuta zile spika.

Ulikuwepo. Nilikuwa nimefunua kiti, bisibisi mdomoni, natafuta pa kuchukulia moto wa amplifaya. Ukainama ukasoma kile kistika chekundu kilichobandikwa kwenye sanduku la betri.

"Baba, hapa pameandikwa pasifunguliwe."

"Nani kaandika?"

"Waliotengeneza."

"Basi hao hawana harusi za kupeleka."

Nikakikata kile kistika, ndiyo sili yenyewe, mbele yako kwa wembe. Wewe ukanishikia tochi, na nilifurahi umenishikia. Hilo nakwambia kwa sababu najua unajilaumu. Juzi nilikusikia unamwambia mama yako, "Ningemzuia." Ungenizuia na nini? Mtu aliyemshinda mama yangu utamuweza wewe, na miguu yako hiyo mikubwa kama makasia?

Hata hivyo, raha tulipata. Msafara gani wa harusi ulitoka Magomeni au Dunda bila mimi mbele? Muziki unatangulia, mimi nafuata, bibi harusi yuko nyuma huko kwenye vumbi. Kuna baba mmoja aliwahi kuniuliza kwa adabu kabisa, "Samahani, kijana, anayeoa ni wewe?" Nikamjibu leo hapana, lakini niko tayari. Usimsomee mama yako hapa.

Halafu bei zikaanza kuporomoka. Bajaji za umeme zikawa zinashushwa bandarini kama viazi, kila muuzaji anamshushia mwenzake, na kampuni tuliyonunulia ikapunguza bei, ikapumzika kidogo, ikapunguza tena. Vijana wa kijiweni waliokuwa wanaosha bajaji zetu wakaanza kununua zao, mpya, kwa pesa ambayo sisi tulitoa kama kishika uchumba. Wakawa wanatusubiri asubuhi.

"Shikamooni wazee wa bei ya dhahabu! Hizo zenu zina nini cha zaidi? Zina choo ndani?"

Mwinjuma alikonda. Mimi niliongeza sauti ya muziki. Lakini usiku, wakati mama yako anadhani nimelala, nilikuwa napiga hesabu: nikitaka kuuza, nani atanunua iliyochoka kwa bei ya mpya? Nilikuwa nimekalia minazi ya mama na minazi inayeyuka chini ya makalio. Kitu kimoja nilijifunza hapo, ingawa sikukitumia: kununua cha kwanza maana yake ni kumlipia na yule wa mwisho.

Basi ukaja ule ujumbe wa kampuni. Wanaziita bajaji zote za kundi la kwanza zirudi. Betri zake zinapata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji. Moja iliwaka kule Dar ikachukua jiko la watu, wenyewe wakapona kwa kudra za Mungu. Tusizitumie, tusizichaji ndani ya nyumba, tuzirudishe, na kila mwenye nayo atarudishiwa pesa yote aliyolipa siku ile aliyonunua.

Mwinjuma alikuja mbio na kandambili moja.

"Wa kwanza! Umesoma vizuri? Pesa yote ya siku ile!"

"Nimesoma."

"Sasa tumia hicho kichwa. Tunarudishiwa kwa bei ya zamani. Tunanunua nyingine kwa bei ya leo. Katikati hapo kinabaki nini?"

Tukaangaliana. Ile bei iliyotuua ndiyo iliyokuja kutufukua kaburini. Mpya unaipata, na chenji juu. Wale vijana wa bei chee, zao haziitwi na hakuna wa kuwarudishia kitu. Tulicheka mpaka Mwinjuma akakaa chini.

Chenji yangu mimi niliijua ni ya nani kabla hata sijamaliza kucheka. Barua ya chuo cha uuguzi ilikuwa imelala kabatini, ada yake inatutazama. Nikaja moja kwa moja jikoni, uko kwenye mbuzi unakuna nazi.

"Nesi, funga mizigo. Tanga hiyo."

Ukainuka, nazi ikabingirika mpaka mlangoni. Halafu ukaniuliza swali ambalo tangu siku ile linanitembea kichwani.

"Baba, umeshazipata?"

"Zinanijua kwa jina."

Kumbuka hapo. Wewe uliuliza umeshazipata. Mimi nikatoka kwenda kuwaambia watu. Kinyozi aliambiwa, sokoni waliambiwa, baba zako wadogo wakapigiwa simu. Mama yako akasema jambo la kheri halikai kimya, tusome dua ya shukurani, na mimi ndiyo kwanza nikaona dua yenyewe ndogo. Mchele gunia, nyama, mafuta, vyote kwa mkopo dukani, mwenye duka atalipwa chenji ikija. Walimu wa madrasa wakakuombea, bibi zako wakakutilia udi, kila mtu anakuita nesi. Ile chenji, mwanangu, tulikwishaila na pilipili juu, na bado ilikuwa mfukoni mwa watu.

Ya Dar sijakusimulia yote. Nilikwambia tu "wamekataa". Tulikodi lori dogo mimi na Mwinjuma, bajaji mbili nyuma, mpaka kwenye yadi ya kampuni. Aliyetupokea ni binti wa rika lako, kajitanda mtandio vizuri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tuharakishie, nina mtoto anakwenda chuo."

"Hongera, baba."

Akaanza na ya Mwinjuma. Akafunua kiti, akatazama, akagonga muhuri. Akaja kwenye yangu. Akafunua. Akamwita mwenzake, akatazama na yeye.

"Baba, sili imekatwa."

"Imekatwa na nani?" Nakuapia, hilo ndilo lililonitoka.

"Humu kuna nyaya za spika, baba."

"Hizo zinavulika kama kofia. Nipe dakika."

Mwinjuma akaona aniokoe. "Msamehe, dada, huyu ni msanii." Watu kwenye foleni wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikainamisha kichwa kama napokea makofi. Yule binti hakucheka. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa, kwamba betri ikishafunguliwa na mwenyewe pesa yake hairudi, maana hawawezi kujua joto ni la kiwandani au ni la harusi. Anaweza kuipokea kama chuma chakavu. Akataja bei ya chuma.

"Mimi? Chuma?" nikamwambia. "Pakia, turudi."

Ningeacha pale pale ningekuwa na hicho kidogo na ningekuwa nimerudi na aibu moja. Nilirudi na aibu moja na bajaji mbovu.

Sasa sikia la njiani, hili ndilo hasa nililotaka kukuandikia. Nyuma ya lori mnang'aa bajaji mpya ya Mwinjuma, aliyoinunua pale pale, na yangu pembeni yake kama maiti. Mwinjuma hakunena tangu Tegeta. Na Mwinjuma akinyamaza ujue amefikiwa na msiba. Tulipofika Kerege akasema, anatazama nje, "Wa kwanza. Ile chenji yangu, tugawane. Mtoto aende."

Nilimcheka. Nilimwambia, "Kaezeke paa lako kwanza, mvua inakunyeshea na mkeo kitandani. Mimi nishindwe na ada?"

Akasema, "Haya."

Kutoka Kerege mpaka Zinga nilingoja aseme tena. Kiromo nilingoja. Tulipoingia mjini nilikuwa nimeshapanga na jibu, nitaguna kidogo, nitamtania kidogo, nitakubali. Hakusema tena. Ataanzaje, mtu umekwishamcheka? Wiki ile ile mabati yakapanda, mekundu, unayaona kutoka hapa uani. Sina kinyongo na mabati yale. Nayatazama tu.

Huko kambini Saadani uendako utakuwa dobi wa kufua mashuka ya watalii, na wenzako watakuona una cheti kizuri, watakuuliza unafanya nini huku. Utataka kujibu kwa mzaha, maana damu yangu hiyo. Jibu kwa mzaha, sikukatazi. Lakini mtu akikunyooshea mkono kweli, meza mate kwanza. Mimi mama yangu alikuja kunifuata sokoni mwaka ule nilioacha shule, kabeba daftari zangu mwenyewe, na kwa kuwa nilikuwa na wenzangu nikajificha nyuma ya matenga ya samaki ili wacheke. Walicheka. Aliniona, najua aliniona, miguu yangu ilikuwa nje. Akageuka akaenda zake na zile daftari, asinifuate tena maisha yake yote. Nilikuwa nangoja kesho yake aje, na ile kesho haikuwa.

Haya, tuje kwa mzee wa Lugoba.

Mzee Sefu alipokuja juzi asubuhi, baada ya kuambiwa kuna bajaji ya umeme inauzwa, wewe ndiye uliyemletea kahawa na kashata barazani. Ulimsikia. Akazunguka bajaji, akapigapiga matairi, akabonyeza muziki akacheka kama mtoto. Akanibana bei, mpya zimeshuka bwana, hii imechakaa bwana, na mimi nikabana. Mwishowe akataja pesa. Haikuwa ile chenji, lakini ingekufikisha getini Tanga na muhula wa kwanza ungeanza. Mama yako nyuma ya pazia akasema alhamdulillahi kwa sauti.

Ndipo yule mzee akasema, anapuliza kahawa, "Nitakuwa naichaji sebuleni. Pale kwetu ni barabara kuu, ukiacha kitu nje wanang'oa hata tairi. Wajukuu zangu wanalala hapo hapo sebuleni, watanilindia."

Nikanywa kahawa yangu. Mwanangu, ilikuwa ya moto na niliinywa yote kwa mkupuo ili mdomo uwe na kazi. Tukapeana mikono, akasema baada ya siku tatu, asubuhi, anakuja na pesa yote mkononi. Ukaja kuokota vikombe. Uliponyanyuka ukaniambia, "Baba, amua wewe." Hukusema uza, hukusema usiuze.

Nikakwambia, "Siku zote una maneno, leo na wewe umekuwa wa umeme?"

Hukucheka. Ni mara ya kwanza nakumbuka nimekutania usicheke.

Mama yako alikwishapanga: gari ya kambi ya Saadani ikipita alfajiri ipite zake, mzee anakuja, mtoto haendi kufua mashuka ya mtu. Na mimi siku mbili zote hizi nilikuwa nimeuza. Nataka ulijue hilo, usije ukanisifu kwa watu. Nilijiambia betri ya mzee haitawaka, mbona yetu haikuwaka. Nilijiambia ataichaji mchana. Nilijiambia watoto wa Lugoba wana baba zao.

Leo asubuhi nikakuta unafua nguo za safari. Mama yako akakuuliza za nini, na mzee anakuja? Ukasema, "Nafua tu, mama."

Nimekaa humu mchana kutwa naziangalia hizo nguo. Ama ulikuwa umeshaamua kwamba baba yako hatafanya vile. Ama umechoka kungoja chenji zangu. Sijui ni lipi kati ya hayo, na nimeogopa kuja kukuuliza.

Baada ya sala ya alasiri nikampigia.

"Mzee wangu, shikamoo. Kesho usije."

"Marahaba. Umepata mwenye bei nzuri?"

"Sijapata mtu. Bajaji hii wenyewe wameiita irudi. Betri inaweza kuwaka moto ikiwa kwenye chaji."

Nikasikia watoto wanacheza nyuma yake.

"Juzi ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakwambia wajukuu zangu wanalala hapo."

"Uliniambia, mzee."

"Na kahawa yako nikanywa," akasema. Akakata.

Nimetukanwa na watu wengi, mwanangu, mimi mwenyewe ni fundi wa matusi. Hakuna aliyewahi kunifikia hivyo.

Bajaji nitaipeleka kwa yule binti aipokee kama chuma. Itapunguza deni la wali wa dua yako. Barua ya chuo nimeirudisha kabatini, sikukuahidi mwaka gani na sitakuahidi. Safari hii nikipata kitu utakiona kwanza, ndipo utakisikia.

Kwa hiyo gari ya alfajiri panda. Mzee wa Lugoba usimngoje. Mama yako hajajua, na kesho ataamka mapema kuliko sisi, afagie baraza, abandike kahawa ya mgeni. Akikuona umeshika begi atakuuliza unakwenda wapi. Usimjibu. Nitazame mimi, halafu toka. Nitamwambia mwenyewe, na itachukua muda, na atapiga kelele. Usisimame mlangoni kusikiliza. Gari haingoji, na mimi nisingependa uondoke ukiwa umesikia.

Ni mimi niliyekuzaa kabla sijamaliza kukua,
Baba yako Rajabu